Shangazi, anataka tuchome vyeti tuhamie Kasese

Jambo Shangazi,

Mimi ni mjane wa miaka 31, nauza maharage na makayabo, wale samaki wa chumvi, sokoni hapa Beni, mashariki mwa Kongo. Julai 2019 Ebola iliingia nyumbani kwetu. Bwana yangu alifariki siku ya tatu tangu tufikishwe CTE, kituo cha kutibia Ebola, mimi nikabaki. Nililazwa ndani ya kile chumba cha plastiki ambacho watu wanakuona kutoka nje. Chumba cha pili yake alilala kijana mmoja dereva wa piki. Kusikilizana ilikuwa shida, lakini kila aliponiona nimegeukia upande wa pili aligonga plastiki, akainua kikombe chake cha maji ya chumvi na sukari, akangoja mpaka na mimi niinue changu. Tulikunywa hivyo siku nane. Wote wawili tulitoka hai.

Niliporudi nilikuta godoro na nguo zimechomwa. Sokoni wenzangu walisogeza meza zao. Yule dereva alikuja kila wiki kununua maharage yangu, na hakuwa hata na mtu wa kumpikia. Mwaka jana akasema anataka kunioa. Nampenda, Shangazi, sikufichi.

Sasa mama mkwe anasema mwanaume aliyepona bado anabeba Ebola kwenye mbegu zake, na watu wawili wa Ebola watazaa Ebola. Nikiolewa atamchukua mjukuu wake, mtoto wangu wa miaka minane. Na huyo mwanaume mwenyewe anataka twende Kasese, ng'ambo ya mpaka Uganda, kwa wajomba zake, lakini kwanza tuchome vyeti vyetu vya kupona. Anasema huko hakuna atakayetujua, na sisi tusitaje tena ule ugonjwa wala jina la marehemu. Cheti changu nimekifunga kwenye mfuko, kiko chini ya godoro. Nimeshindwa kukichoma, sijui kwa nini. Labda ni machozi tu, maana jicho la kushoto siku hizi linaona ukungu na kila kitu kinaniliza. Nifanye nini?

Mama wa mmoja, Beni

---

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nikiwa jikoni, ugali ukashika chini ya sufuria. Nikaisoma tena jioni nimekaa. Lakini kabla sijakuambia lolote, acha nikuungamie jambo, ujue anayekushauri ni mtu wa namna gani.

Julai hiyo hiyo mimi nilikuwa Goma. Tarehe 14 ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza amefika mjini kwa basi, nilianza kusalimia watu kwa kiwiko. Jirani yangu mmoja alikuwa ametoka kuzika Butembo. Wiki tatu nzima niliongea naye kupitia dirishani. Hakuwa na homa, hakuwa na chochote, na alielewa vizuri kwa nini mlango haufunguki. Mpaka leo akija kwangu anakaa kile kiti cha karibu na mlango. Nimemwambia mara nyingi asogee ndani. Anacheka, hasogei. Kwa hiyo wale wenzako waliosogeza meza siwezi kuwatukana. Mimi ni mmoja wao.

Kuna watu wanaopenda kutunga hadithi za mapenzi baada ya mwisho wa dunia, mji mtupu, wawili wamebaki. Ninyi wa Beni hamkuhitaji kutungiwa. Ndoo za maji ya klori kwenye kila mlango, kipimajoto kwenye paji la uso katika kila kizuizi, watu wa Riposte, wale wa kupambana na Ebola, wakipita na magari, ndugu wakizikwa na wageni waliofunikwa kutoka kichwani hadi miguuni, na usiku milio ya risasi juu yake. Tangu 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 waliugua watu 3,470, wakafa 2,287. Waliotoka hai hawakufika 1,200, na wawili kati yao walikuwa wakigonganisha vikombe kupitia plastiki. Nakiri hapo nilitabasamu. Basi huyo kijana nitamwita Bwana Kikombe, maana jina lake hukunipa, na umefanya vizuri.

Tuanze na mama mkwe, kwa sababu ana haki nusu.

Habari ya mbegu hakuiota. Damu inaweza kuwa safi, mtu akapewa cheti na kuruhusiwa kwenda nyumbani, huku virusi vimebaki vimejificha kwenye manii. Februari 2021, miezi michache tu baada ya watu kudhani mambo yamekwisha, Ebola ilirudi upande wa Biena na Butembo, na wa kwanza kujulikana alikuwa mke wa mwanaume aliyewahi kupona. Waliugua 12, wakafa sita. Mwezi huo huo ikazuka kule Guinea, na wataalamu walipochunguza virusi vyenyewe wakakuta ni vya ule mlipuko wa 2014 hadi 2016, vilivyokuwa vimelala ndani ya mtu miaka yote hiyo. Mama mkwe wako pengine alisikia redioni, au alisikia kwa jirani. Vyovyote vile, hakusikia uongo.

Ila hakusikia mpaka mwisho. Kwa wanaume walio wengi virusi hivyo huisha ndani ya mwaka wa kwanza, wanaobaki navyo muda mrefu ni wachache. Na kuna namna ya kujua. Mwanaume aliyepona hupimwa manii kuanzia mwezi wa tatu tangu augue, kisha kila mwezi, mpaka majibu mawili yanayofuatana, yaliyopishana angalau wiki moja, yaseme hamna kitu. Muda wote huo anatumia kondomu. Kwa hiyo muulize Bwana Kikombe swali moja, ana kwa ana, bila kuzunguka: ulipimwa mara ngapi, na la mwisho lilisemaje? Akiwa alimaliza, akuonyeshe. Akiwa alikimbia njiani (na walikimbia wengi, maana mtu mzima kupewa kichupa na muuguzi wa umri wa mdogo wake ni aibu, naelewa), basi aende sasa hivi kwenye zone ya afya aeleze yeye ni mshindi, yaani aliyepona Ebola, wa mwaka 2019, apimwe, na mpaka majibu yatoke mtumie kondomu. Baada ya miaka sita hatari ni ndogo sana. Lakini wewe una mtoto mmoja, na ndogo sana siyo sawa na hakuna.

Hilo la kuzaa Ebola, hapo amekosea kabisa. Mwanamke aliyepata mimba baada ya kupona hana sababu ya kuogopwa, si yeye, si mtoto, si mkunga atakayemzalisha. Mtafute muuguzi mnayemheshimu wote wawili, amwambie mama huyo maneno hayo wewe ukiwapo. Yakitoka kinywani mwako peke yako atasikia sauti ya mkwe anayetaka kuolewa.

Ila nadhani chini ya hofu ya mbegu kuna hofu nyingine. Mama huyo mwanaye alizikwa hakumgusa. Hakumwosha, hakumvika, labda alimwona kwa mbali ndani ya mfuko. Kilichobaki cha mwanaye ni huyo wa miaka minane, na sasa anasikia kuna mwanaume wa piki anataka kumvusha mpaka. Ningekuwa yeye na mimi ningetafuta neno la kutisha. Usimjibu kwa ukali. Nenda na mzee mmoja wa upande wa marehemu, ukae, useme mjukuu atalala kwake likizo gani na gani, na kwamba mbuzi za mahari zitakapoletwa kwenu na yeye ataitwa aketi. Sikuahidi atakubali siku hiyo.

Sasa Bwana Kikombe.

Sikutegemea kusema hivi nilipoanza barua yako, lakini simwogopi mwanaume huyu. Nilichokiogopa kwanza ni kwamba mmependana kwa sababu dunia nzima ilikuwa inawakimbia na ninyi wawili tu hamkukimbiana. Mapenzi ya namna hiyo yapo, nimeletewa barua zake, na watu wakianza tena kuwapa mikono yanapoa. Halafu nikafika kwenye maharage. Kikombe kingeweza kuwa huruma ya mgonjwa kwa mgonjwa. Lakini mwanaume asiye na jiko, anayebeba maharage mabichi kila wiki miaka na miaka mbele ya soko lote lililokugeuzia kisogo, huyo mwanangu anakupenda.

Lakini wazo lake la Kasese lina tundu. Kuhama sina neno, usalama wa Beni mnaujua ninyi mnaolala huko, na wajomba ni wajomba. Tatizo ni kuhama kwa kujificha. Kasese anayoiwazia haipo. Juni 2019 familia moja ilivuka mpaka na ugonjwa huu kutoka Kongo, mtoto wa miaka mitano akafia Bwera, akafuata bibi yake na mdogo wake. Wanaijua Ebola kwa jina na kwa kaburi. Tena Wakonzo wa huko na Wanande wa kwenu ni lugha moja na damu moja, habari zinavuka mpaka huo pamoja na magunia. Mtakaa mwaka, mwaka na nusu, halafu siku moja mwanamke wa Beni aliyekuja kuuza nguo atakuita kwa jina kisimani. Mkiwa mmeficha, hapo ndipo watakapowaogopa kwelikweli.

Na mtoto je? Ataulizwa shuleni baba yake yuko wapi. Mnataka ajibu nini? Huwezi kumfundisha mtoto wa miaka minane kwamba baba yake hakuwahi kuwapo ili nyumba ya baba mwingine iwe na amani. Hilo umkatalie Bwana Kikombe wazi kabisa, hata akinuna. Jina la marehemu litatajwa.

Kitu kimoja nimekitafuta kwenye barua yako nikakikosa. Wewe ulimpoteza bwana. Yeye alimpoteza nani? Hukuandika, na nadhani hujui. Mtu haoti kuchoma karatasi kwa sababu ya majirani tu. Pengine kuna mtu alimpakia kwenye ile piki yake kumpeleka hospitali, na mtu huyo hakurudi, na kila akiliona neno Ebola kwenye cheti analiona hilo. Sijui, nabahatisha. Muulize jioni moja mkiwa wawili, na akianza kusema usimkatize, hata akisema mpaka chai ipoe. Akishamaliza, kama bado anataka kuchoma cha kwake, achome, ni chake. Cha kwako hakihusiki.

Nimeliacha jicho mwisho kwa sababu wewe ulilificha katikati ya sentensi, ukasingizia machozi. Machozi hayaleti ukungu wa jicho moja. Waliopona Ebola wengi hupata shida ya macho, jicho linavimba kwa ndani, linauma au linaogopa mwanga, na likiachwa linaweza kuingia mtoto wa jicho au kupofuka. Likiwahiwa linatibika. Yupo daktari wa Marekani, Ian Crozier, aliyeambukizwa Sierra Leone mwaka 2014 akapona. Wiki chache baadaye jicho lake likaharibika, likabadilika hata rangi, na walipolipima ndani wakakuta virusi vimo, ilhali damu yake ilikuwa safi. Jicho lile lilirudi kuona.

Ndiyo maana daktari wa macho lazima ajue historia yako kabla hajachukua sindano au wembe, kwa usalama wako na wake. Unaona sasa kwa nini mkono wako ulikataa kukichoma? Kitoe chini ya godoro, mpigie Bwana Kikombe, akupakie kwenye piki wiki hii hii, usingoje ndoa wala Kasese. Na mkifika asikae nje na piki yake akikungojea. Aingie na wewe mpaka ndani, akae pembeni yako wakati unamkabidhi daktari hiyo karatasi.

Shangazi yako