Maswali Yenu: Chama cha Watu wa Mjengo

Nimefanya mjengo Mamboleo miezi mitano, nalipwa kila jioni. Foromani anasema kibarua hana haki ya kuingia chama cha wafanyakazi. Ni kweli? (Kisumu)

Si kweli, ndugu yangu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Tena hiyo miezi mitano ni silaha yako. Kwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, siku zako za kazi mfululizo zikifika mwezi, unahesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi, hata kama bado unapewa pesa kila jioni. Andika daftarini tarehe zote na jina la kontrakta.

Vyama hivi vilianza lini, na sisi wa Nyanza tumo? (Homa Bay)

Mmo, tena pakubwa. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na hawakuwa na chama cha kuwasemea. Mwaka 1935 Makhan Singh alikifungulia milango chama cha Wahindi wa Nairobi kikawa cha watu wa rangi zote, na 1937 kikaongoza mgomo wa miezi miwili uliopandisha mishahara. Mei Mosi 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda muungano wa vyama vya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata wote wawili wakakamatwa, na Makhan Singh hakuachiliwa hadi 1961. Miaka 11 kizuizini kwa kudai ujira na uhuru! Watoto wetu wafundishwe jina lake.

Kutoka kwenu akatokea Tom Mboya, mwana wa Rusinga. Mwaka 1953 alishika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama, na 1955 akasimamia mazungumzo yaliyowapa nyongeza makuli wa bandari ya Mombasa waliokuwa wamegoma. COTU, shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi nchini, ilikuja 1965, baada ya serikali kuvunja mashirikisho mawili yaliyokuwa yakipigana.

Kaka yangu yuko Marekani, kwenye chama cha vibarua wa ujenzi kiitwacho LIUNA. Kina umri gani? (Kakamega)

Kilianzishwa 1903 na wabebaji wa matofali na vibarua wa majengo. Jina la sasa kilichukua 1965. Matawi yao hujulikana kwa namba, na mengi hupeleka wanachama kazini: mjengo mmoja ukiisha, tawi linakutafutia mwingine.

Mbona mjengoni kwetu watu wa tawi la chama hatuwaoni? (Nakuru)

Kwa sababu sheria inamlazimu mwajiri kukitambua chama pale tu kikishaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kiwandani hilo linawezekana, maana watu ni walewale mwaka mzima. Mjengoni, nusu inapotimia ukuta umeshafika linta na wachimba msingi wametawanyika hadi Naivasha na Molo. Kwa maoni yangu, tawi la ujenzi linalongoja watu ofisini halitawapata. Liwafuate mtu kwa mtu, lianzie pale alfajiri wanaposimama kungoja kuchukuliwa.

Nanyi msingoje. Nendeni tawini kikundi kizima kabla ya mjengo kuanza, mtie sahihi fomu za kukubali ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Mwajiri akishapelekewa fomu hizo ana siku 30 za kuanza kukata na kupeleka pesa kwa chama. Ulizeni risiti.