The Empty Hearse: anguko la Sherlock linashika, treni ndiyo haishiki

Mkuu, umeuliza mambo mawili kuhusu The Empty Hearse, episodi ya Sherlock, tamthilia ya upelelezi ya BBC. Kwanza, kati ya maelezo matatu ya jinsi Sherlock Holmes alivyonusurika aliporuka kutoka juu ya paa la hospitali mbele ya rafiki yake John Watson, yapi ndiyo ya kweli. Pili, kwa nini watazamaji wengi waliishia na hasira kwenye episodi ambayo wenzao wanaiona tamu kuliko zote za msimu wa tatu. Ambao hawajaitazama waishie hapa, maana chini sijaficha kitu.

Tuweke tarehe sawa kwanza. The Reichenbach Fall, ile ya kuanguka, ilirushwa BBC One tarehe 15 Januari 2012. The Empty Hearse, ile ya kurudi, iliyoandikwa na Mark Gatiss, ikaja 1 Januari 2014. Katikati ni siku 717. Muda wote huo mashabiki walikuwa wanasimamisha picha fremu kwa fremu: lori lililoegeshwa chini, mpira aliokuwa anaudundisha maabara, mwendesha baiskeli, mtoto wa balozi aliyepiga ukelele alipomwona Sherlock. Steven Moffat, muundaji mwenza wa tamthilia, akaongeza petroli kwa kuwaambia waandishi wa habari kwamba kuna dalili moja ambayo kila mtu ameikosa. Ukiwaacha watu na fumbo kwa karibu miaka miwili, wanalifumbua kwa njia 50, na kila mmoja anaipenda ya kwake. Jibu lolote lingeonekana dogo. Hiyo ni sehemu ya hasira, lakini si yote.

Sasa maelezo yenyewe. La kwanza, la kamba ya kurukia, dirisha linalovunjwa, na mwanakiinimacho Derren Brown akimlaza John usingizi, ni ndoto ya Anderson, yule mtaalamu wa uchunguzi wa polisi. La pili, la Sherlock na adui yake Moriarty kukaribia kubusiana, ni la msichana wa klabu ya mashabiki. Yote mawili ni utani wa waandishi kwa watu kama sisi tuliomaliza bando kwenye nadharia. La tatu anasimulia Sherlock mwenyewe mbele ya kamera ya Anderson, na hilo ndilo la kupimwa.

Muundo wake ni huu. Yeye na kaka yake Mycroft walipanga njia 13 za kutokea. Ile iliyotumika ilihitaji vitu vitano: mto mkubwa wa hewa, maiti inayofanana naye kutoka kwa Molly wa mochwari, mwendesha baiskeli, umati wa watu waliopangwa, na mpira wa skwoshi. Juu ya hivyo vyote, John Watson asimame mahali pamoja tu.

Hapo pa John ndipo nakuomba urudie kwa makini. Anashuka kwenye teksi, simu ikiwa sikioni, anataka kusogea, Sherlock anamwamuru ageuke arudi alikotoka, kisha anamwambia asimame hapo hapo asitikisike. Mara ya kwanza unadhani ni majonzi ya kuagana. Tazama kilicho katikati yao: jengo fupi la magari ya wagonjwa. Kutoka pale alipo, John anaona paa na sehemu ya juu ya anguko. Lami haoni. Akisogea hatua chache pembeni, mchezo umekwisha. Kiini macho chote kimekaa kwenye pembe hiyo moja, na pembe hiyo ilikuwepo tayari kwenye episodi ya 2012, haikubandikwa baadaye. Waliosema Gatiss alijitungia jibu dakika ya mwisho hawakurudi kuangalia.

Mto wa hewa nao unapigiwa kelele kwamba hauwezekani. Tufanye hesabu kwa mita 20. Anguko linachukua sekunde 2, na mwendo wa kutua ni kama kilomita 71 kwa saa. Mto ukimsimamisha ndani ya mita 2 za kubonyea, mwili unapata kani ya wastani kama mara 10 ya uzito wake. Inauma, lakini waigizaji wa hatari huishi nayo kazini, kwa sharti moja: utue chali, mgongo wote kwa pamoja. Sherlock anaruka akitazama mbele huku mikono inapepea, kwa hiyo ana sekunde hizo 2 za kujigeuza. Pale pananipa shida kidogo. Shida kubwa zaidi ni kuuondoa. Mto wa aina hiyo hautoi hewa yote kwa kufumba na kufumbua, na ni mpana kuliko gari dogo. Ndiyo maana unavutwa kando ukiwa bado umevimba, na ndiyo maana kunahitajika watu wengi pale chini.

Ni hapo pia ambapo maiti inapata kazi yake, na watazamaji wengi hawakuielewa. Hoja yao: ikiwa John anapigwa kikumbo na baiskeli, maiti ya nini? Sherlock si angejilaza tu? Fuata saa. John anakimbia na kulizunguka lile jengo fupi wakati ule ule mto unatolewa upande wa pili. Akitokeza, lazima aone mwili uko chini, la sivyo ataona watu wanakokota mto na rafiki yake anajifuta vumbi. Sherlock hajawa tayari, damu haijamwagwa. Maiti inaziba pengo hilo la sekunde chache. Kisha baiskeli inamwangusha John, na akiwa chini maiti inaondoka, Sherlock analala mahali pake. Yule mtoto wa balozi naye anaingia hapa: alipiga ukelele kwa sababu Moriarty alitumia mtu anayefanana na Sherlock kumteka, na mtu huyo ndiye aliyeishia mochwari mikononi mwa Molly.

Mpira wa skwoshi uko sahihi kitabibu, ila kwa masharti. Ukiubana kwapani kwa nguvu, unakandamiza ateri kuu inayoshuka mkononi, na mapigo kwenye kifundo cha mkono huo yanapotea kwa muda. Mkono wa pili unadunda kama kawaida. Shingoni panadunda kama kawaida. John ni daktari wa jeshi, na daktari wa jeshi kwa majeruhi aliyezimia angetafuta mshipa wa shingo kabla ya kitu kingine. Kinachookoa mpango ni kwamba ametoka kugonga kichwa, anapewa sekunde chache, na "raia wema" wanamvuta nyuma kila anapotaka kusogea zaidi. Angepenyeza vidole viwili chini ya taya, msimu wa tatu usingekuwepo.

Tundu la kweli liko kwa wadunguaji, na ajabu ni kwamba halizungumzwi sana. Moriarty aliweka watatu wa kuwaua rafiki zake Sherlock asiporuka: wa John, wa Bi Hudson mwenye nyumba, na wa Lestrade wa polisi. Wawili wa mwisho hawapo pale hospitali ya St Bartholomew's, wangesubiri taarifa tu, kwa hiyo hao wanadanganyika. Wa John yuko juu, dirishani, na jengo fupi halimzuii kitu. Yeye aliuona mto. Maelezo yanasema watu wa Mycroft walimfikia na kumbembeleza kwa namna yao, sawa. Lakini hapo mpango unaacha kuwa akili ya Sherlock, unakuwa mkono mrefu wa serikali. Na ukishakuwa na mkono huo, unajiuliza kwa nini wasingewakamata wote watatu mapema bila mtu kuruka. Nadhani jibu ni kwamba mpango ulipangwa kabla hawajajua nani analengwa, ila episodi haisemi hivyo waziwazi.

Je, Sherlock anasema kweli? Anderson mwenyewe anavunjika moyo, anaanza kutafuta matundu, kisha anajiuliza kwa nini aambiwe yeye, mtu wa mwisho kustahili siri hiyo. Na angalia maelezo yamepachikwa wapi: katikati ya tukio la bomu ndani ya behewa, pale Sherlock anapomhadaa John kwamba wanakufa. Unatoka kwenye uongo, unapewa "ukweli", unarudishwa kwenye uongo. Huo ni uhariri wa makusudi kabisa. Msimamo wangu: maelezo ya tatu ndiyo yaliyotokea, kwa sababu yanakubaliana na picha za 2012 kwenye pembe, mpira, mtoto na baiskeli. Waandishi walikuwa na jibu zuri, wakaona aibu kulitoa mkono kwa mkono, wakalifunika kwa kicheko. Wengi waliokasirika, hasira yao iko hapo. Hawakutaka jibu bora, walitaka mtu asimame nyuma ya jibu.

Conan Doyle, mwandishi wa vitabu vya asili vya Holmes, alikuwa na mzigo mwepesi zaidi. Alimuua Holmes mwaka 1893 kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, akamrudisha mwaka 1903. Watson wa vitabuni hakuona mtu akianguka wala hakushika mwili. Aliona nyayo na barua. Kwa hiyo Holmes alisema tu kwamba hakuanguka, alipanda mwamba, basi. Televisheni ilijitakia taabu kwa kutuonyesha mwili, damu na kifundo cha mkono.

Haya, nilichoona kimeachwa kipite bure ni treni. Kisa chenyewe: mtu mmoja anapanda behewa la mwisho stesheni ya Westminster, treni ya mwisho ya usiku ya District Line, njia ya treni za chini ya ardhi London, na kufika St James's Park, stesheni inayofuata, hayupo. Sherlock anagundua kwamba mabehewa 7 yaliondoka na 6 yakafika. Wazo tamu. Sasa ligusishe na reli.

Treni za zamani za District, zile za D78, zilikuwa na mabehewa 6 tangu mwanzo. Zile mpya za S7 zilizoanza kuingia njia hiyo mwaka 2013 zina 7, lakini ziko wazi ndani kutoka kichwa hadi mkia, unatembea bila mlango. Huwezi kuliacha la mwisho bila kuacha shimo nyuma ya abiria. Kinachoonekana kwenye skrini ni treni ya njia nyingine, Jubilee Line, ambayo kweli ina 7 na kweli inapita Westminster. Tatizo: ya Jubilee ikitoka Westminster kuelekea magharibi inafika Green Park, si St James's Park. Watu wa treni wa London waliliona hilo usiku ule ule wa mwaka mpya.

Hata tukisamehe rangi na umbo, kuna breki. Mabehewa hayo hufungwa kwa vikundi, na ndani ya kikundi viungio si vya kufungua kwa mkono njiani, ni kazi ya karakana. Ukifaulu kukata, waya wa breki unaopita treni nzima unakatika, na waya huo ukikatika breki za dharura hushika pande zote mbili. Ndivyo ulivyoundwa, ili behewa lililochomoka lisiteleze. Halafu reli zenyewe wakati huo zilikuwa na umeme mdogo ulioonyesha kipande kipi kina gurudumu juu yake. Behewa lililobaki lingeacha taa nyekundu, na chumba cha uongozaji kingejua kabla abiria hajapiga miayo. Dereva mmoja mla rushwa hatoshi, unahitaji na fundi wa karakana na mtu wa taa.

Swichi ya kuzimia bomu lililokuwa ndani ya behewa hilo naiacha, ni kichekesho na kimekusudiwa hivyo. "Panya mkubwa wa Sumatra Road" anayetajwa kwenye episodi naye ni kijembe kizuri kwa wasomaji wa Conan Doyle, aliyetaja panya mkubwa wa Sumatra bila kutusimulia kisa chake.

Kitu kilichofanyiwa kazi vizuri kuliko vyote ni ule ujumbe wa simu anaoufumbua Mary, mchumba wa John, wakati John ametekwa. Ni ujumbe wa vipande viwili. Cha kwanza kina maneno 7: chukua la 1, la 4 na la 7, unapata amri ya kumwokoa John Watson. Cha pili kina maneno 10: anza upya, chukua la 1, la 4, la 7 na la 10, linatoka jina la kanisa, Saint James the Less. Ukiviunganisha vipande na kuhesabu moja kwa moja hadi mwisho, unatoka na upuuzi. Jaribu na kalamu, simamisha picha pale simu inapoonekana.