Nimetoa "if" moja tu, mbona wananibana?

SWALI: Mambo anko, nimetuma pachi yangu ya kwanza (marekebisho ya kodi) kwenye keneli ya Linux, ule moyo wa mfumo, nimefuta kale ka-if kanakocheki kama pointa ni NULL (haielekezi popote) kabla ya kfree, ile ya kuachia memori, nikaona ninyooshe na nafasi tupu (spesi) za mistari kama 30 humohumo, mkaguzi kaniambia gawanya pachi. Si usafi tu jamani? Msomaji, Mbeya

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo if uko sahihi kuitoa, kfree ikipewa NULL inarudi kimya haifanyi kitu. Shida ni kuchanganya, maana mkaguzi sasa inabidi amulike mistari 30 ya nafasi akitafuta mmoja uliobadilika kweli, na kesho mtu akipiga git blame kujua nani aliandika mstari flani atakuta jina lako kila mahali wakati we ulipiga fagio tu. Na pachi ndogo haipiti kirahisi siku hizi, 2021 Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungiwa kuchangia baada ya watafiti wake kuhusishwa na vipachi vya kutega, vinavyoonekana safi kumbe vina kasoro ndani.

Anza na if peke yake, ueleze KWA NINI, sio "nimesafisha" halafu basi. Nafasi mi ningeziacha kabisa kama draiva unayogusa haiko drivers/staging (folda ya draiva ambazo bado hazijakomaa), maana checkpatch, ile skripti ya kukagua mtindo wa kodi, kazi yake hasa ni kukagua pachi mpya sio kufukunyua mafaili ya zamani. Na mstari wa Signed-off-by, wa kuthibitisha una haki ya kutoa kodi hiyo, usisahau, bila hiyo haipokelewi.