Muulize Shangazi: Mume wangu anataka tuimalize Great Ocean Road kwa siku moja

Shikamoo shangazi. Mie na mume wangu tuko Melbourne, Australia, mwaka wa pili sasa, ni kazi na kulala tu, hatujawahi kutoka sisi wawili peke yetu. Mwezi wa kwanza tumepata likizo pamoja, huku ndo kiangazi, tukakubaliana tukodi gari tupite Great Ocean Road, ile barabara ya pwani, tukaone zile nguzo za mawe baharini. Sasa mwenzangu anasema tutoke alfajiri turudi usiku huohuo, eti hela ya hoteli ni ya kutupa. Mie nataka tulale njiani hata usiku mmoja. Alafu hataki nishike usukani na leseni ninayo. Tumenuniana siku ya tatu leo kwa safari ambayo hata hatujaianza. Nifanyeje?
– Aliyenuna, Melbourne

Marahaba mwanangu. Mie niko upande wako, na sio kwa sababu wewe ndo umeandika. Hiyo barabara nimeipita mara mbili, mara ya kwanza na marehemu mume wangu kwa mbio hizohizo anazotaka mumeo, na nikikumbuka safari ile naona taa nyekundu za gari la mbele yetu usiku na yeye anajikanda shingo, basi. Bahari siikumbuki. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Najua hesabu anayopiga. Kutoka Torquay barabara inapoanza mpaka Allansford inapoishia ni kilomita 243, anaona si masaa matatu tu hayo. Sio hivo. Ukishapita Anglesea, na hasa kati ya Lorne na Apollo Bay, barabara imebanwa kati ya mlima na maji, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, kona juu ya kona, na mbele yako kuna mtu anayetambaa kwa sababu anaangalia mawimbi. Barabara yenyewe ilichongwa na wanajeshi waliorudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia, wakaanza 1919 wakamaliza 1932, kwa sururu, makoleo na mikokoteni, kuwakumbuka wenzao waliokufa vitani. Njia ya namna hiyo haikimbiliki. Kutoka Melbourne kwa njia ya pwani mpaka kwenye hizo nguzo, Twelve Apostles, yaani Mitume 12, weka masaa matano bila kusimama popote, na kurudi kwa njia ya ndani ya Colac ni mengine kama matatu. Manane hayo ni ya kukaa kwenye gari tu, sasa mtakaa saa ngapi ufukweni?

Alafu kuna hili la usukani, na hapa ndo ningependa umsomee kwa sauti. Australia gari zinapita kushoto, kwa hiyo mkitokea Torquay kwenda magharibi bahari inakuwa kushoto kwenu njia nzima, upande wa abiria, na sehemu nyingi za kusimama mnaingia bila kukatiza magari yanayokuja. Raha tupu, ila kwa abiria. Dereva macho yako kwenye kona. Akishika usukani mwanzo mpaka mwisho basi yeye ataiona lami, bahari utaiona wewe. Usimwambie "na mie nataka kuendesha", mwambie "nataka na wewe uone". Mkikodi gari hakikisheni jina lako limeandikwa kwenye mkataba kama dereva wa pili, la sivyo ukipata ajali na wewe ndo ulikuwa unaendesha, bima inaweza kuwakana.

Laleni Port Campbell, ni karibu kabisa na Mitume, na chumba kitafuteni leo maana mwezi wa kwanza shule zimefungwa na kila mtu yuko pwani. Mchana hapo ni mabasi na watu wa kusukumana, lakini jioni yanaondoka. Jua linazama saa tatu kasoro hivi usiku, mawe yanageuka kutoka manjano kwenda rangi ya chungwa, upepo unakupiga usoni, na kwa chini pengwini wadogo wanatoka majini kwa vikundi wanapanda mchanga haraka haraka. Sisi muda huo tulikuwa tushaondoka. Na kurudi giza likiingia ndo wakati kangaruu wanaruka barabarani.

Asubuhi yake shukeni ngazi za Loch Ard Gorge, korongo la pwani hukohuko. Meli ya Loch Ard iligonga mwamba tarehe 1 Juni 1878 ikiwa na watu 54, wakapona wawili tu, kijana Tom Pearce na binti Eva Carmichael. Tom alikuwa ashafika mchangani akasikia binti analia, akarudi majini akamvuta, akamlaza pangoni, akapanda lile genge kutafuta msaada. Watu walitamani sana waoane, hawakuoana. Kaeni pale nyie wawili, msiangalie saa. Ila kuogelea ni kule tu mnakoona bendera nyekundu na njano, maji ya huko yanavuta.

Shangazi, mke wangu anatapika kwenye kona. Tuahirishe?
– Msomaji

Hapana. Akae mbele, dirisha wazi kidogo, aangalie mbali na sio simu, dawa ya kichefuchefu anywe kabla ya kuondoka maana akishaanza kutapika haisaidii sana. Na wewe punguza mwendo. Au mpe yeye usukani, wengi wakiendesha wenyewe hawatapiki kabisa.

Shangazi, hao Mitume ni 12 kweli?
– Mdadisi

Hawajawahi kutimia 12, ni jina tu. Ni mawe ya chokaa, mawimbi yanayala kwa chini, na Julai 2005 moja la mita kama 50 liliporomoka likabaki rundo. Jirani yake, daraja la mwamba lililoitwa London Bridge lilikatika Januari 1990, watalii wawili wakabaki upande wa baharini mpaka helikopta ikaja kuwatoa. Ndo maana wameweka uzio ukingoni, msiuruke kwa ajili ya picha.