Karakana: Kompyuta ya gari inayosahau

SWALI: Gari langu ni la petroli, liliagizwa Japani likiwa limetumika. Taa ya injini huwaka kila baada ya siku mbili tatu, na mashine ya fundi huonyesha msimbo wa hitilafu P0603. Tukifuta, inarudi. Naambiwa kompyuta imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Usitoe pesa bado. P0603 ina maana kwamba kumbukumbu inayolishwa na betri hata swichi ikiwa imezimwa imepotea, na mara nyingi kompyuta ni nzima ila imenyimwa umeme. Ingekuwa P0601, P0604 au P0605, misimbo ya hitilafu za kumbukumbu ya ndani, tungeitilia shaka kompyuta yenyewe mapema zaidi.

Anza na betri. Asubuhi, kabla ya kuwasha, iwe karibu volti 12.6. Mtu apige stata huku ukitazama mita: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea.

Kisha tafuta, kwa mchoro wa waya wa gari lako, waya unaoleta umeme wa kudumu kwenye kompyuta. Hapa mafundi wengi hudanganywa na mita. Waya ulioliwa na kutu hadi ukabaki uzi mmoja bado utaonyesha volti 12, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Tumia balbu ya wati 5: swichi ikiwa imezimwa, unganisha mguu mmoja kwenye waya huo na mwingine kwenye hasi ya betri. Ikiwaka kwa unyonge, fuata waya huo hadi kwenye fyuzi. Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, pima kati ya hasi ya betri na pini ya ethi ya kompyuta. Ikizidi volti 0.1, safisha na kaza viungo vyake.

Je, una alamu, traka au swichi ya siri ya kuzuia wezi? Wapo mafundi wanaoiunganisha kwa kukata waya huohuo wa umeme wa kudumu. Na ukichomoa kichwa cha betri kila jioni, unaifuta kumbukumbu mwenyewe.

Haya yote yakiwa sawa na P0603 bado inarudi, ifungue kompyuta utafute unyevu na ukijani kwenye pini. Ukilazimika kununua iliyotumika, namba ya kipuri ilingane herufi kwa herufi. Na kama ufunguo wako una chipu, lazima usajiliwe upya, la sivyo injini haitawaka.