Kilemba cha Ayuba Diallo

SWALI: Nimeona picha ya Ayuba Suleiman Diallo iliyochorwa mwaka 1733. Amevaa kilemba na kanzu nyeupe, na kitabu chekundu kinaning'inia kifuani. Mtu aliyetoka utumwani Marekani alivipata wapi vitu hivyo Uingereza? Au mchoraji, William Hoare, alijibunia tu?

JIBU: Mavazi alichagua Ayuba mwenyewe. Mwanzoni alikataa kabisa kuchorwa, akichelea picha isije ikaabudiwa. Alipokubali, uso ulimalizwa kwanza, kisha akataka avikwe mavazi ya kwao Bundu, sehemu ya Senegal ya leo. Hoare akadai hawezi kuchora nguo asiyopata kuiona. Ayuba akamrudishia: mbona wachoraji humchora Mungu, naye hakuna aliyemwona? Hoja ikakatika hapo.

Nguo kutoka nyumbani hakuwa nazo. Hata alipopelekwa kwa familia ya kifalme, ilibidi ashonewe vazi la hariri kwa mtindo wa kwao. Kitabu ni msahafu. Ayuba alikuwa mtoto wa imamu na alihifadhi Qur'ani. Akiwa Uingereza aliandika nakala tatu kwa kumbukumbu tu, ndiyo maana wengi hudhani hiki ni kimojawapo.

Kilemba ndicho cha kutazama zaidi, kwa kuwa kinafunika kichwa kilichowahi kunyolewa kwa nguvu. Mwaka 1731 waliomteka karibu na mto Gambia walimnyoa kichwa na ndevu ili aonekane mateka wa vita, wakamuuza. Jambo ambalo picha haisemi ni kwamba safari ile baba yake alikuwa amemtuma kuuza watumwa wawili na kununua karatasi. Anayemsifu Ayuba bila kulitaja hilo anapunguza habari.

Kilichomwokoa ni kalamu. Akiwa mtumwa Maryland, koloni la Uingereza huko Marekani, alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Haikufika Bundu, iliishia mikononi mwa James Oglethorpe, mbunge wa Uingereza, aliyeipeleka Oxford ikatafsiriwe, kisha akaahidi pauni 45 za kumkomboa. Mwaka 1734 Ayuba alirudi Gambia.

Ukitafuta habari zake, tumia pia jina la Job ben Solomon, ambalo Waingereza walimwita. Na usishangae kukuta picha isiyo na rangi: hiyo ni chapa, yaani nakala iliyochapishwa kwenye karatasi. Ile ya rangi ya mafuta ilikuwa haijulikani ilipo hadi ilipojitokeza mnadani mwaka 2009, ikanunuliwa na Qatar, ambayo baadaye iliiazimisha National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri la London.