Mpe Mtoto Mahali pa Kurudi

Nyuma ya nyumba tuliyokulia palikuwa na kijito chembamba ambacho mtu mzima alikivuka kwa hatua moja. Mimi nilikuwa na miaka saba, na kwangu ule ulikuwa mto. Siku moja baada ya mvua niliona, kwenye maji yaliyotuama pembeni, kitu kama uzi mrefu wa ute uliojaa vidoa vyeusi. Nikamkimbilia babu. Alikuja, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Usiuguse. Rudi kesho, halafu uje uniambie umeona nini."

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Vidoa vikarefuka, vikaanza kutikisika, vikawa viluwiluwi. Wakaota miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Halafu mikia ikaanza kutoweka, na jambo hilo likaninyima raha kabisa. Niliamini inakatika kama mkia wa mjusi, basi nikapekua tope kwa kijiti jioni nzima nikitafuta mikia iliyodondoka. Sikupata hata mmoja. Babu akaniuliza, "Kama haikudondoka, imekwenda wapi?" Hakunipa jibu, na nadhani naye hakuwa nalo.

Miaka mingi baadaye, darasani, nilisoma kwamba mkia wa kiluwiluwi haukatiki. Mwili wenyewe huufyonza. Kinywa kilichozoea kukwangua mwani kinapogeuka kuwa kinywa cha kukamatia wadudu, mnyama huyo hupitisha siku kadhaa bila kula, na ule mkia ndio unaomlisha kutoka ndani. Wenzangu waliandika sentensi hiyo daftarini wakaendelea na nyingine. Mimi kalamu ilisimama. Nilikuwa nimelisubiri jibu hilo tangu utotoni bila kujua kwamba bado nalisubiri.

Nimesimulia haya kwa sababu nimekuwa mzazi, na swali la jinsi ya kumlea mtoto anayejali mazingira nimelijibu vibaya kabla ya kulijibu vizuri.

Kosa langu lilikuwa kuanza na habari mbaya. Binti yangu alikuwa na miaka sita nilipoanza kumweleza kuhusu barafu inayoyeyuka, misitu inayofyekwa na kasa wanaomeza plastiki. Nilidhani namjengea moyo wa huruma. Usiku mmoja aliniuliza kama dunia itakuwa bado ipo atakapokuwa mkubwa. Kisha nikaona ameanza kuikwepa mada yenyewe. Kila picha ya mnyama ilipotokea kitabuni alifunua ukurasa haraka, kama anayejua kwamba hadithi hii haina mwisho mwema. Iliniuma sana. David Sobel, mwalimu wa Marekani aliyeandika mengi kuhusu elimu ya mazingira kwa watoto, alionya tangu miaka ya 1990 kwamba mtoto anayebebeshwa misiba ya dunia kabla hajaizoea dunia yenyewe hujifunza kuiogopa na kujitenga nayo. Kwangu yalitimia sebuleni.

Basi niliacha mihadhara, nikaanza kutafuta mahali.

Nasema mahali, sisemi safari. Tofauti hii nimeifikiria sana, na ndiyo ningependa mzazi mwenzangu aichukue hata akiyasahau mengine yote. Ziara ya siku moja kwenye hifadhi kubwa ni nzuri, lakini mtoto hurudi na picha tu. Kinachomfunga mtoto na ardhi ni kurudia: pale pale, asubuhi na jioni, kiangazi na masika, mpaka aweze kukwambia kilichobadilika tangu juzi. Mtu hawezi kupenda mazingira kwa ujumla wake. Unapenda mti fulani, ukingo fulani, dimbwi fulani, halafu upendo huo unajifunza kupanuka.

Sisi tunaishi ghorofani na kijito hatuna. Mahali petu ni chini ya ukuta, upande usiofikiwa na mvua, ambako mchanga hukaa mkavu mwaka mzima. Pana vishimo vidogo mviringo, vimechongoka kuelekea chini kama faneli. Nilimwonyesha binti yangu kimoja, nikanyamaza kama babu alivyonyamaza. Tulisubiri. Sisimizi mmoja akapita ukingoni, mchanga ukamporomokea, na kutoka chini kitu kisichoonekana kikaanza kumrushia chembe za mchanga ili ateleze zaidi. Binti yangu alishika mkono wangu kwa nguvu. Chini ya kila kishimo anaishi buu mwenye taya ndefu, anayetega hivyo mpaka siku atakapojifunga ndani ya kifuko cha mchanga na kutoka akiwa mdudu mwenye mbawa nyembamba anayefanana na kereng'ende. Hayo ya mbawa sikumwambia. Nilimwambia tu turudi kesho. Leo ni mwaka wa pili, na anavijua vishimo vile kuliko mimi.

Kuna utafiti unaonipa moyo katika hili. Mwaka 2006 Nancy Wells na Kristi Lekies wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo yaliyotokana na mahojiano na watu wazima wapatao 2,000 wa mijini nchini Marekani, wenye umri wa miaka 18 hadi 90. Waliocheza msituni, kuvua samaki au kulala kambini kabla ya kufikisha miaka 11 walielekea zaidi kuyajali mazingira ukubwani. Kupanda maua na kutunza bustani nako kulisaidia, ingawa si kwa nguvu ile ile. Lakini programu za kufundishwa kuhusu mazingira hazikuonyesha athari hiyo. Sisemi masomo hayana maana, maana hata mimi jibu la mkia nililipata darasani. Ila lilinigusa kwa sababu swali nilikuwa nalo tayari.

Na hapo mtu mzima ana kazi yake, tena si kazi ya kufundisha. Jane Goodall alisimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto mdogo alijificha saa nyingi ndani ya banda la kuku ili aone yai linatokaje, huku familia ikihangaika kumtafuta. Alipotokea mbio, mama yake aliyaona macho ya mtoto yanavyong'aa, akaacha kumgombeza, akakaa kumsikiliza. Mwaka 1960 binti huyo alifika Gombe kuwachunguza sokwe, akiwa na uvumilivu ule ule. Huwa najiuliza mimi ningefanya nini mlangoni mwa banda lile baada ya saa zote hizo za hofu. Ukweli ni kwamba ningefoka. Tangu nilipotambua hivyo najizuia: mtoto akija ametapakaa tope, swali la kwanza ni umeona nini, nguo zitafuata baadaye. Simu naiacha ndani, maana mtoto anajua upesi kama unatazama naye au unamsubiri amalize.

Hatari zipo, na sitaki mtu aseme nilizipuuza. Maji, hata ya kina kifupi, yanahitaji mtu mzima karibu muda wote. Nyoka na wadudu wakali mtoto afundishwe kuwatambua na kurudi nyuma taratibu. Lakini mikwaruzo, tope na nguo iliyochanika nimeziondoa kwenye orodha ya hatari. Mtoto anayekatazwa kugusa kila kitu ataelewa kwamba dunia ya nje si yake.

Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel huko Oslo mwaka 2004, alikuwa na kila sababu ya kumaliza hotuba yake kwa mamilioni ya miti iliyopandwa na wanawake wa Green Belt Movement, harakati aliyoianzisha mwaka 1977. Alimalizia na kijito cha utotoni. Alieleza jinsi alivyokwenda kumchotea mama yake maji, akajaribu kuokota nyuzi za mayai ya vyura akidhani ni shanga, na kila mara zikamkatikia mikononi. Kisha akasema kijito kile, zaidi ya miaka 50 baadaye, kimekauka. Nikisoma sehemu hiyo nalia, siwezi kuficha, kwa sababu nyuzi zile nazijua.

Nazijua, lakini binti yangu hazijui. Mwanasaikolojia Peter Kahn aliwahoji watoto wa Houston katika miaka ya 1990, akakuta wengi wanaelewa uchafuzi wa mazingira ni nini, lakini wachache zaidi waliona kwamba mahali wanapoishi wao pamechafuka. Akaeleza kwamba kila kizazi huchukua hali iliyoikuta kuwa ndiyo ya kawaida. Hii ndiyo sababu naona ni wajibu wetu kuwasimulia watoto kilichokuwepo, mahali penyewe, kwa kidole, mara tu wanapokuwa na kitu chao cha kupenda.

Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye kijito changu. Kimefungiwa ndani ya bomba, na juu yake ni maegesho ya magari. Nilimwonyesha babu alipochuchumaa, na mimi nilipopekua tope. Alinisikiliza, kisha akauona mfuniko wa chuma wenye matundu, akalala kifudifudi na kutega sikio. Nami nikalala kando yake. Maji yalikuwa yanapita chini yetu, tunayasikia waziwazi.

"Baba," akaninong'oneza, "vyura wanaijua njia ya kutokea?"